Dirisha la Kidoti

Foleni ya sabuni ilikuwa imefika mpaka barabarani, kila mtu kasimama mbali na mwenzake, barakoa hadi chini ya macho. Nesi alikuwa katikati, gauni lake jeupe limekunjamana baada ya zamu.

"Sista, hilo pengo mbele yako lori linapita," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati la buluu limejaa vumbi la vioo, macho yanacheka.

"Lipite. We kaa hukohuko."

"Nakaa. Lakini namba ya simu si haiambukizi?"

Nesi akacheka mpaka akajishangaa.

Basi Fundi Vioo akawa anapiga simu kila jioni. Akajua Nesi ana binti, Kidoti, anayemlea peke yake. Tangu ugonjwa uingie, Kidoti analala na bibi yake, Nesi kajitenga chumba cha uani, mlango wa kuingilia ndani umezibwa kwa ubao.

"Hata kumshika humshiki?"

"Hata nywele anasukwa na mama yangu."

Fundi ikamuuma. Siku ya kuzaliwa ya Kidoti, akamwomba bibi ruhusa, akampeleka mtoto geti la hospitali, gauni la njano, puto mkononi. Alidhani anapeleka zawadi.

Nesi alipotoka, Kidoti akaachia puto, akakimbia. "Mamaaa!"

"Simama hapo! Usiniguse!" Nesi akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

Mtoto akaganda. Midomo ikaanza kutetemeka.

"Nimetoka kwa wagonjwa sasa hivi!" Nesi akamfokea Fundi. " Una akili wewe?"

"Mpenzi, nilitaka tu—"

"Usiniite mpenzi. Mrudishe nyumbani!"

Simu za Fundi hazikupokelewa tena. Lakini kilichommaliza Nesi ni Kidoti kukataa simu yake. Alimsikia akimnong'oneza bibi: "Mwambie sipo. Mama hanitaki."

Jumapili Nesi akaamshwa na kelele mlangoni, upande wa ndani.

"Mama, nani huyo?"

"Nimemwita fundi," bibi akajibu. "Hata mimi nilikosa, nilimruhusu. Tulia, mwanangu."

Kisha sauti ya Fundi, taratibu: "Kioo kimeshakaa upande huu, nimeziba pembeni kote, hata hewa haipiti. Ubao uko upande wako. Bisibisi nimekuwekea nje kwenye ngazi. Fungua mwenyewe."

Nesi akafungua skrubu moja moja. Ubao ukatoka. Ng'ambo ya kioo, Kidoti kakaa kwenye kigoda, kampa mgongo.

"Kidoti, mama anakutaka. Siku ile niliogopa ugonjwa. Sikukuogopa wewe."

Bega likasogea, kisha jicho moja.

"Hapa naweza kukugusa?"

"Hapa gusa mpaka uchoke, mama."

Kidoti akaja mbio, akabandika kiganja, shavu, na pua mpaka ikawa bapa. Nesi naye akabandika shavu lake, akilia na kucheka.

Baadaye akapiga simu. "Fundi, uko wapi?"

"Hapa nje. Nangoja bisibisi yangu."

"Hupati. Ugonjwa ukiisha, hicho kioo nakitoa mwenyewe."

"Kizito hicho. Kinataka watu wawili."

Nesi akaitia bisibisi mfukoni.

"Basi uje tukitoe wote," akasema. "Na ukija, mpenzi, usirudi kwenu."