Nuha na Uzamili wa Mifugo

Nyumbani kwao Nuha, mjini Kismayo, mbuzi walikamuliwa huku wakila vichwa vya samaki. Mama yake, Bi Safiya, alimwekea mbuzi sinia la vichwa, mbuzi akatulia, naye akakamua bila matata. Ndivyo walivyofanya tangu walipokuwa wakiishi kisiwani Chula, ambako samaki ni wengi na majani ni haba.

Taabu ilikuwa moja tu. Maziwa yalinuka samaki. Iman, muuza chai wa sokoni, aliyaonja mara moja, akamrudishia Bi Safiya chupa yake.

"Dada yangu, nikitia haya, chai itakuwa mchuzi," alisema.

Nuha alikuwa na shahada ya kwanza ya mifugo. Alifanya kazi katika mazizi karibu na bandari, ambako mbuzi hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Wafugaji walimuuliza mambo mengi, na mengine hakuyajua. Hilo lilimkera sana. Akaamua kusomea shahada ya uzamili katika sayansi ya mifugo.

Baba yake, Mzee Mansur, alikuwa fundi wa mashine za boti. Hakumkataza bintiye. Kosa lake ni kwamba alifurahi kupita kiasi. Hata kabla Nuha hajaomba nafasi, mzee alikwisha kutangaza msikitini kwamba binti yake ataandika kitabu kikubwa juu ya mbuzi.

Kwa hiyo Nuha aliomba njia ya utafiti, ile ya kuandika tasnifu. Chuo kikamjibu kwamba kwanza apate mhadhiri wa kumsimamia. Aliwaandikia wahadhiri wengi. Mmoja alikuwa tayari na wanafunzi wa kutosha, mwingine utafiti wake ulikuwa wa kuku, wengine walinyamaza tu. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa unakaribia. Nuha alihuzunika, chakula kikawa hakipiti.

Asubuhi moja jirani yao, Bi Maimuna, alikuja kurudisha sufuria. Yeye ni afisa mifugo. Alimkuta Nuha amejiinamia barazani.

"Mwanangu, una nini?"

"Sijapata msimamizi, Bi Maimuna. Uzamili umenipita."

"Nani kakwambia uzamili una njia moja? Iko njia ya masomo ya darasani. Unasoma lishe, uzazi, magonjwa, takwimu. Kila somo lina mtihani. Mwisho unafanya mradi mdogo na kuandika ripoti. Huhitaji tasnifu."

Mzee Mansur alikuwa hapo hapo akisafisha kabureta. Akainua kichwa.

"Bila kitabu? Huo si uzamili, hiyo ni kozi tu."

"Basi na wangu si uzamili, Mzee Mansur," alisema Bi Maimuna, "maana nami nilisoma hivyo hivyo."

Mzee akarudi kwa kabureta yake, haraka kidogo.

"Ipi bora?" Nuha aliuliza.

"Inategemea unataka nini. Ukitaka kuwa mtafiti, au kuendelea na shahada ya uzamivu, njia ya utafiti inakufaa zaidi. Vyuo vingine huidai. Ukitaka kufanya kazi na wafugaji, njia ya masomo inatosha, tena vyuo vingine hufundisha kwa mtandao, usiache kazi. Lakini uliza kwanza kama chuo kinatambulika. Na usidhani ni rahisi."

Nuha akamgeukia baba yake. "Baba, mimi nataka kuwafundisha wafugaji. Lakini bila radhi yako siendi."

"Nishawaambia wachu," alisema mzee taratibu, akiwaita watu "wachu" kama kule Chula. "Nimewaambia wachu wote."

"Najua, baba."

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa. Alifuta hata palipokuwa pasafi.

"Haya, kasome," alisema. "Wachu niachie mimi."

Nuha akaomba upya, akapata nafasi katika chuo kimoja cha Kenya. Mchana alikuwa mazizini, jioni alisoma kwa simu na kompyuta. Mtihani wa kwanza wa takwimu alianguka. Alilia waziwazi, kisha akaurudia na kufaulu. Tangu siku hiyo Mzee Mansur alizima redio kila binti yake alipofungua masomo. Neno "kozi" halikusikika tena nyumbani humo.

Ulipofika mradi wa mwisho, Nuha alichagua maziwa ya mbuzi wa mama yake.

"Mama, nimejifunza kwamba harufu ya chakula huingia kwenye maziwa," alisema. "Vichwa vya samaki wape mbuzi baada ya kukamua, si kabla wala wakati wa kukamua."

"Hawatasimama, Nuha. Mimi nawajua mbuzi wangu."

"Wakati wa kukamua tuwape pumba. Na beberu tumfunge mbali, yeye pia ana harufu kali. Tujaribu."

Siku za mwanzo mbuzi mmoja alipiga teke ndoo, na Bi Safiya alinung'unika sana. Kisha wakaizoea pumba. Maziwa yakaja meupe, hayana harufu. Iman aliyaonja, akaonja tena, akasema aletewe kila asubuhi. Bi Safiya alirudi nyumbani akitembea kama bibi harusi.

Nuha akaandika ripoti yake. Akafaulu, akapata shahada yake ya uzamili.

Habari za maziwa zilienea. Asubuhi moja wafugaji kutoka bara walifika kwenye karakana ya Mzee Mansur, wakamwuliza anakokaa yule mtaalamu wa mbuzi. Mzee aliweka spana chini, akawaongoza mwenyewe mpaka nyumbani.

"Huyu hapa," aliwaambia. "Ni binti yangu. Ana uzamili wa mifugo. Kasoma masomo, kafanya mitihani, kafaulu yote."

Wafugaji waliketi kwenye mkeka uani. Nuha alidhani baba yake atarudi kazini. Lakini Mzee Mansur alivua kofia yake yenye mafuta, akawaomba wageni wasogee kidogo, akaketi katikati yao.

Moyo wa Nuha ulijaa fahari. Alifungua daftari lake.

"Anza, mwalimu," alisema baba yake. "Tunakusikiliza."