Picha ya Vipande Niliyomwagizia Shangazi

"Hapati..." mama alisoma, kidole chake kikiwa juu ya meza. "Sasa hapati nini hapa?"

"Hapati mpinzani," mwalimu wa kwaya akadakia.

Sebule nzima ikaangua kicheko cha raha. Shangazi akavuta mtandio begani kama bibi harusi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, chupa ya soda mkononi, sicheki.

Maana mimi na binamu zangu tulijua hilo neno linaishia wapi.

Halikuwa "hapati mpinzani", ndugu zangu.

Lilikuwa HAPATIKANI.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkanitukana bila mpangilio. Mtanitukana tu, najua, ila iwe kwa mpangilio.

Shangazi ni dada yake marehemu baba. Mstaafu wa posta. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini nyumba yake haikuwahi kukosa watoto, kwa sababu ndiyo iliyokuwa jirani na shule ya sekondari. Mimi, Kibonge, Mnyoofu na Dada Lipsi, wote tumesomea pale. Tumeamshwa na kengele yake ya mkononi alfajiri, tumekaguliwa kucha kana kwamba tunaingia jeshini.

Shule ikaisha, kila mtu akashika njia yake. Tukafungua kundi la WhatsApp ili tusipoteane. Jina la kundi tukaliita "Mahabusu wa Zamani".

Admini ni mimi.

Na kazi ya kundi, tuseme ukweli, ilikuwa kumcheka shangazi.

Si kwa ubaya... hivyo ndivyo tulivyokuwa tunajiambia. Shangazi anaongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Shangazi anapiga picha na kidole kimeziba nusu ya dunia. Kila kituko chake nakigeuza stika. Nina kipaji, sikatai, na kipaji kisicho na breki ni kama lori linaloteremka mlima.

Ile stika iliyovuma kuliko zote ilikuwa hii: shangazi amelala kwenye kiti, mdomo wazi, wigi limeteleza limemfunika jicho moja. Juu yake nikaandika:

SAMAHANI, MTEJA HAPATIKANI KWA SASA.

Kibonge alisema alicheka mpaka dereva wa bodaboda akasimamisha pikipiki kumuuliza kama anaumwa. Mnyoofu hadi leo anaituma akiitwa kwenye kikao cha familia.

Basi Krismasi ikakaribia. Shangazi akapiga simu kwa kila mmoja wetu. "Mwaka huu njooni wote, wanangu. Nyumba imekuwa na mwangwi."

Tukakubali, tukakubaliana na zawadi. Nikaona ukurasa mtandaoni wanachapa picha yako popote unapotaka: kwenye kikombe, kwenye mto wa kochi, na kwenye ile picha inayokatwa vipande vidogo vidogo, familia inakaa mezani kuviunganisha hadi sura inatokea.

Nikasema hapo hapo. Tutakaa meza moja kama zamani.

Picha niliyochagua ilikuwa nzuri jamani. Shangazi siku ya kuagwa kazini, suti ya zambarau, maua mkononi, tabasamu limefika masikioni. Nikaituma.

Muuzaji akajibu: "Kaka, picha imefika na ukungu. Ukituma kawaida inapungua ubora. Itume kama faili."

Wakati huo niko kaunta, maana nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mbele yangu fundi anasubiri nimpimie misumari. Nikafungua folda ya picha za shangazi. Tatizo la faili ni kwamba halina sura, ni namba tupu, ndefu kama reli. Nikabonyeza moja. Ikaondoka.

"Asante kaka. Hii hapa sampuli. Ifungue uiangalie vizuri ndiyo uthibitishe. Tukishachapa haturudi nyuma."

Fundi akagonga kaunta. "We kijana, misumari yangu unaipima au unaifua?"

Nikamjibu muuzaji bila kufungua chochote: "Poa. Chapa."

"Una uhakika, kaka?"

Mnaona? Mtu baki, asiyenijua wala kumjua shangazi yangu, alinipa nafasi ya kujiokoa. Mimi nikaona ananisumbua. Nikamtumia dole gumba.

Tena nikachagua kopo la bati lisilo na picha juu yake, eti iwe mshangao. Likapelekwa moja kwa moja hadi mlangoni kwa shangazi.

Haya, turudi sebuleni.

Shangazi alikuwa amealika wanakwaya wenzake na mwalimu wao, "waone wanangu walivyonikumbuka". Akamwaga vipande mezani, watu wakaanza kupanga pembeni kwanza.

Kijani.

Pembeni kote kijani. Mimi natafuta zambarau kwa macho, zambarau haipo. Mama anauliza hili ni pazia la wapi. Ndipo herufi zikaanza kutokea.

Kibonge akaacha kutafuna. Akanisogelea taratibu.

"We... umetuma ipi?"

"Ya suti."

"Suti iko wapi?"

"Kausha."

"Mimi naenda chooni."

"Ukienda hurudi, nakujua. Kaa hapa tufe wote."

Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, nikachomeka kipande kimoja kwenye soksi. Kibonge akadondosha kimoja kitini, akakikalia. Dada Lipsi akafagia viwili vikaingia kwenye mkoba wake. Mnyoofu alikuwa anasali tu, yeye hata wizi hawezi.

Watu wazima, wenye kazi zao na vitambulisho vyao, tunaiba makaratasi.

Mwalimu wa kwaya akapachika kipande kingine. "Kani. Hapati...kani. Hapatikani! Kweli kabisa. Mtu kama huyu hapatikani."

Makofi. Wallahi nikapata matumaini. Nikapiga makofi kuliko wote.

Halafu mama akaweka KWA SASA.

Makofi yakafa moja moja, kama matone ya mwisho ya bomba.

Kisha wigi likatokea. Kisha jicho moja. Mdomo ulikuwa bado tundu, kwa sababu kipande chake kilikuwa kwenye soksi yangu, lakini hakuna aliyehitaji kuambiwa kilichokosekana.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani hata mmoja acheke.

"Ngoja," mama akasema polepole. "Hili pazia ni la wodini. Hii ni ya ule wakati ulipopasuliwa tumbo."

Akaninyanyulia macho.

Chini kabisa ya picha, mwalimu wa kwaya alikuwa ameshamaliza pembe yake. Mkono wa shangazi, umelala kitandani, umeshika mkono mwingine wenye plasta ya dripu.

Mkono huo ni wangu.

Faili nililotuma lilikuwa picha nzima yenye maneno, kabla sijaipunguza; kwenye stika mkono huo nilikuwa nimeukata. Haukuchekesha.

"Dada wa watu alikesha kwenye kiti cha mbao," mama akasema, "usiku kucha kakushika mkono usichomoe dripu... na wewe ule mkono mwingine ukawa unampiga picha?"

 

 Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanyoosha kiganja mezani bila kumtazama mtu.

"Leteni vilivyobaki."

Kibonge akanyanyuka kitini kama anasimama kizimbani. Mkoba wa Dada Lipsi ukafunguliwa. Mimi nikavua soksi mbele za watu.

Akavipachika mwenyewe, kimoja kimoja. Changu alikiweka mwisho. Akakikandamiza kwa dole gumba hadi kikalala sawa.

"Haya, imekamilika," akasema. "Asanteni, wanangu. Mwalimu, chai unaitumia na sukari?"

Na akaendelea kuhudumia wageni wake, anauliza habari za sauti ya tatu ya kwaya. Mngeona hivyo vikombe havitikisiki. 

Nikamfuata jikoni. Nikapiga magoti.

"Shangazi, nisamehe. Yule muuzaji alikosea..."

"Muuzaji ndiye aliyenipiga picha?"

Nikainamisha kichwa.

"Inuka, hiyo sakafu ina maji."

"Ulikuwa utani tu, shangazi. Sikutaka uione. Nisingependa uione hata mara moja."

"Leo nimeiona kubwa tu," akasema. "Ndogo ninayo."

Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni. Ile simu naijua, ina ufa kwenye kona. Ilikuwa ya Kibonge kabla hajanunua simu mpya na laini mpya; namba yake mpya niliiongeza kwenye kundi, ya zamani sikuitoa.

Akafungua WhatsApp, akanigeuzia kioo.

Mahabusu wa Zamani.

Zote zilikuwemo. Stika zangu zote, sauti zetu tukimwigiza, Mnyoofu akiigiza kengele.

"Kibonge alinipa hii simu na laini yake ya zamani humo humo ndani," akasema, akiosha kikombe. "Mwanzoni sikujua hili kundi ni la nini. Baadaye nikajua. Nikajua na namna ya kujitoa."

"Sasa kwa nini hukujitoa, shangazi?"

"Ningejitoa ningesikia wapi habari zenu?"

Akasuuza kikombe kingine.

"Humo ndimo nilimojua umepata kazi dukani. Kibonge kuumwa mgongo nimejulia humo. Yule binti alipokuacha, ukawa unajifanya unacheka, nilikuona. Kwenye laini yangu ya kweli mnanitumia yale maua ya heri ya sikukuu, ambayo na mwalimu wa kwaya ananitumia yale yale."

"Ungetuambia, shangazi. Ungetugombeza."

"Ningesema mngenitoa."

Hapo ndipo niliposhindwa, wadau. Picha nilikuwa naweza kuibeba. Hili hapana.

"Mnanicheka, sawa. Lakini kila siku kuna mtu ananitaja. Nyumba hii ikiwa kimya nafungua, nawasikia mnavyogombana kama zamani. Nalala vizuri."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe toka siku ulipoituma. Ila aibu yako ibebe mwenyewe, mimi mikono yangu imejaa."

Akachukua sinia, akatoka.

Sasa mngedhani tulijifunza. Subirini.

Niliwasimulia wenzangu getini tukiondoka. Kibonge akashika kichwa. Dada Lipsi akalia rangi yote ya mdomo ikaisha. Na kabla hatujafika barabara kubwa, simu yangu ikaita: umeongezwa kwenye kundi jipya.

Kibonge kafungua kundi jingine. Bila ile namba iliyo kwenye simu ya shangazi.

Na mimi sikutoka. Andikeni hivyo. Nilibaki humo, kwa sababu aibu nayo inapenda kukaa na wenzake.

Jioni nikiwa kwenye basi, kwenye lile kundi la zamani lililokuwa kimya kama madarasa wakati wa likizo, ile namba ikaandika kwa mara ya kwanza tangu iwe mikononi mwa shangazi:

"Mmefika salama?"

Wote tukasoma. Alama zikawa za buluu.

Hakuna aliyejibu.

Kwenye kundi jipya sasa, ndiyo kelele, na Kibonge analalamika yuko kituoni, gari limemwacha.

"Nani aanze?"

"Admini aanze, yeye ndiye aliyeagiza."

"Mwambieni simu iliisha chaji."

"Wote wanne kwa pamoja?"

Nikarudi kule. Nikaandika "Shangazi", nikafuta. Nikaandika pole ndefu kama hotuba, nikafuta. Nikaandika tena...

Ujumbe ukaingia kutoka kwake.

"Naona mmoja anaandika anafuta. Andika tu mwanangu, hata kama ni utani."

Nililia kama mtoto, mbele ya abiria wenzangu, na mama mmoja akanipa leso.

Nikaandika: "Mimi nimekaribia, shangazi. Kibonge bado yuko kituoni kwako hapo nje, gari limemwacha, ana njaa na anaona aibu kurudi."

"Mwambie chakula kipo. Na mlango sijafunga."

Kibonge akanijia juu kule kwenye kundi jipya. "Umenichoma!"

 Nikatoka kwenye kundi lake. Baada ya muda kidogo, kwenye lile la zamani, ikaingia picha imepigwa vibaya kama kawaida, nusu yake kidole. Nusu nyingine ni Kibonge mezani, sahani imejaa, macho yamevimba.

Chini shangazi kaandika: "Mahabusu mmoja amerudi. Wengine mko wapi?"

Somo langu ni fupi, na silitoi kama mtakatifu maana bado sijaweza kumtazama usoni. Yule mtu mnayemcheka sana nyumbani kwenu, hebu angalia mara ya mwisho uliyoongea naye, na mara ya mwisho uliyomwongelea.

Mimi yangu nimeiangalia. Jumapili naenda kwake, mikono mitupu. Zawadi za mtandaoni nimeziacha kwanza.