Aliyeambiwa Angoje

Picha ilikuwa ya soko lenye watu wengi. Nyuma kabisa, karibu na muuza figili, alisimama msichana mdogo aliyeshika taa.

Bwana Tokunami, msimamizi wa katuni hiyo, aligonga kioo cha kompyuta kwa ukucha.

"Nani kachora huyu?"

Wachoraji walitazamana. "Mimi nimechora muuza figili tu, bosi," mmoja alisema.

"Basi figili zako zimezaa. Futa."

Walicheka. Hatsue Nukaga, mwandishi wa hadithi, hakucheka. Alimjua msichana yule. Aliitwa Ito, na Hatsue ndiye aliyemtunga.

Katuni yenyewe, Wabeba Taa, ilionyeshwa kila Jumapili asubuhi. Ilifuata kitabu kilichokuwa kikitoka sura kwa sura kwenye jarida, mwaka baada ya mwaka. Tatizo la kazi hiyo ni kwamba katuni hukimbia kuliko kitabu. Ikikifikia, studio haina tena cha kufuata, na televisheni haimsubiri mtu. Hapo ndipo mwandishi kama Hatsue huitwa atunge vipindi vya kujazia, mpaka kitabu kitangulie tena. Vipindi hivyo vina sheria moja: visiache alama. Mhusika mpya atakuja, atapendwa, ataondoka. Hadithi halisi ikirudi, hakuna atakayemtaja, kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Majira ya joto yaliyopita mwenye kitabu aliugua, na Hatsue akatunga kisa cha lango la mlimani. Kurobei, shujaa wa hadithi, anamkuta yatima kwenye theluji. Adui anakuja. Kurobei anampa taa yake na kumwambia, "Ngoja hapa. Shika hii, isizimike. Nitarudi." Kipindi cha kurudi kilikwisha kuandikwa. Hakikuchorwa. Mwenye kitabu alipona mapema kuliko ilivyotarajiwa, wadhamini wakataka hadithi halisi, na Tokunami akakata. Jumapili iliyofuata Kurobei alikuwa baharini, anakula na kucheka na wenzake. Ito alibaki langoni.

"Watoto watasahau," Tokunami alisema wakati ule.

Wengi walisahau kweli.

Msichana alifutwa sokoni. Baada ya siku chache akaonekana kwenye picha ya harusi, nyuma ya wapiga ngoma. Akafutwa. Akaonekana kwenye daraja, na safari hii alikuwa mbele zaidi, mkubwa zaidi, hata theluji iliyoganda kwenye nyusi zake ilionekana, ingawa kisa cha daraja kilikuwa cha msimu wa joto na kila mtu pale alikuwa na upepeo mkononi.

Tokunami aliacha kufanya mizaha. Alibadilisha funguo za kabati na nywila za kompyuta. Haikusaidia.

Kisha ikawa zamu ya chumba cha sauti. Mzee Hinohara alikuwa ameigiza sauti ya Kurobei tangu kipindi cha kwanza, na hakuwa mtu wa kushtuka. Adhuhuri moja, katikati ya kurekodi, alivua vifaa vya masikioni akatoka nje, uso umempauka.

"Dada Hatsue," alinong'ona, "mle ndani tuko wangapi?"

"Wewe peke yako, mzee."

"Kuna mtu anapumua. Hapa, usawa wa kiuno changu. Kila nikimaliza sentensi, anavuta pumzi kama anayetaka kujibu."

Hatsue aliingia. Chumba kilikuwa na joto, lakini kilinuka theluji iliyolowa na mafuta ya taa ya zamani, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu. Hakuna mtu aliyewahi kuwasha taa ya mafuta kwenye jengo lile. Kwenye zulia, mbele ya maikrofoni, palikuwa na alama mbili za maji, ndogo, za miguu ya mtoto.

Hatsue alikaa mtaa wa Nerima, ghorofa ya pili, na binti zake wawili. Baba yao alikuwa ameoa kwingine. Mkubwa, Fumino, alikuwa sekondari: mdomo mkali, sketi ya shule, na viatu vya michezo vya rangi ya kijani ambavyo alikataa kuvitupa japo vilitoboka. Mdogo, Chigusa, alikuwa darasa la kwanza. Ndiye mtoto pekee ambaye Hatsue alimjua aliyemlilia Ito.

Jioni ile alimkuta Chigusa ameketi kwenye ngazi ya kuvulia viatu, ameelekea mlango, tochi ikiwaka mkononi.

"Unafanya nini hapa kwenye baridi?"

"Nangoja."

"Unamngoja nani, mwanangu?"

"Sijui. Ameniambia nishike tu. Yeye amechoka mkono."

Kutoka jikoni Fumino alipaza sauti. "Mama, mwandishi wa taifa! Mwambie mwanao hadithi zako za kujazia hazina mwisho. Tangu atoke shule kakaa hapo kama yule mbwa aliyemngoja bwana wake stesheni mpaka akafa."

"Fumino, ulimi huo."

"Ulimi umetoka kwako, Mama. Na wali umeiva."

Hatsue alimbeba Chigusa mezani. Mikono ya mtoto ilikuwa na baridi ya chuma, na nywele zake zilinuka mafuta ya taa.

Siku zilizofuata mambo yalikuja madogo madogo. Mwalimu aliita majina darasani akamruka Chigusa, akaomba radhi, kesho yake akamruka tena, na keshokutwa hakuomba radhi. Mama jirani, aliyezoea kuwaletea matunda ya persimoni yaliyokaushwa, alileta mawili badala ya matatu. "Si mko wawili tu?" alisema, na alimaanisha. Kwenye picha iliyobandikwa kwenye friji, ya siku ya michezo ya shule, mahali aliposimama Chigusa palikuwa na uwanja mtupu na vumbi.

Kila Chigusa aliporudi nyumbani alikwenda ngazini. Tochi alinyang'anywa, akaipata. Betri zilitolewa, ikawaka.

Kilichomvunja Hatsue ni bakuli. Asubuhi moja alipakua supu, akapanga meza, akaketi, akashukuru kwa chakula, akaanza kula. Fumino alikuwa anamtazama bila kugusa vijiti.

"Mama. Na Chigusa?"

Hatsue aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chigusa ni nani?"

Alilisikia swali likiwa limekwisha toka. Akaweka vijiti chini. Mlangoni, mgongo wa mtoto haukugeuka, na Hatsue, ambaye alimzaa na kumlea na kumpigia miluzi ya kumlaza alipokuwa na homa, alilazimika kulisema jina lile mara nyingi, kwa sauti, huku ameshika ukingo wa meza, mpaka uso wa mwanawe ukamrudia kichwani sehemu kwa sehemu, jicho, pengo la jino, kovu la kidevu, kama mtu anayeokota vigae gizani.

"Mimi sikumsahau," Fumino alisema taratibu. Hakuwa anatania. "Mimi nitamkumbuka kwa ajili yako, Mama. Wewe nenda katafute mtu."

Kuna hekalu moja upande wa mashariki ya mji ambako washonaji hupeleka sindano zilizovunjika kila Februari, na kuzidunga kwenye tofu, jibini laini ya soya, ili zipumzike baada ya kazi ngumu. Watu hupeleka pia wanasesere wazee, miwani, brashi. Mtawa Jakuen, aliyeongoza ibada hizo, alimsikiliza Hatsue mpaka mwisho huku akifunga sindano kwenye karatasi.

"Watu wa kazi yenu hutuletea kalamu zilizokwisha," mtawa alisema. "Mnaishukuru kalamu. Aliyechorwa nayo hamjamleta hata mmoja."

"Ni hewa tu, Bibi Mtawa. Ni mhusika wa kujazia."

"Alipewa jina?"

"Alipewa."

"Aliahidiwa?"

Hatsue alikubali kwa kichwa.

"Basi si hewa. Mimi siwezi kumfukuza mtu anayetii. Kaambiwa angoje, anangoja. Amechoka, sasa anatafuta wa kumpokea taa. Atakayeipokea ndiye atakayesahauliwa badala yake. Mnayo sauti iliyomwahidi?"

"Tunayo."

"Imrudie. Na lingine, lishike hili vizuri: taa izimwe kabla hajavuka lango. Kwa pumzi yake mwenyewe. Taa ikiachwa inawaka langoni, lango litataka mtu mwingine."

Tokunami alikubali bila ubishi. Tangu alipokuta alama za maji chini ya meza yake mwenyewe hakuwa akilala. Kipindi cha kurudi kisingeonyeshwa popote. Wenye haki za kitabu wasingeruhusu. Ilitosha kiwepo. Wachoraji watatu waliomchora Ito majira ya joto waliitwa siku ya mapumziko, studio ikiwa tupu.

Asubuhi ile, Hatsue alipovaa viatu, Chigusa alikuwa tayari ngazini na tochi yake. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Fumino aliketi kando yake, wamefunikwa blanketi moja.

"Kaa naye," Hatsue alisema. "Usimwache. Ngojeni hapa, nitarudi."

"Nenda, Mama. Treni itakuacha."

Walifanya kazi mpaka alasiri. Picha zilikuwa chache: Kurobei anapanda mlima, Ito anainua uso, Ito anavuta pumzi kuizima taa. Mzee Hinohara aliingia chumba cha sauti peke yake, na harufu ikaingia naye, nzito, mpaka fundi mitambo akaziba pua kwa mkono wa shati. Sindano za kupima sauti zilianza kucheza kabla mzee hajafungua kinywa. Kwenye kioo, picha ya Ito ilitembea. Hinohara alikuwa na karatasi mkononi lakini hakuisoma. Alipiga magoti mbele ya maikrofoni kama mtu anayesema na mjukuu, na machozi yakimtoka, akasema maneno ambayo alipaswa kuyasema majira ya joto, kwamba njia ilikuwa ndefu, kwamba alichelewa, kwamba hakuwa na udhuru, na kwamba amerudi, "nimerudi, Ito, tuondoke," na wote waliokuwa upande wa pili wa dirisha la kioo wakasikia, mle ambamo hakukuwa na mtoto, mtoto akijibu, "Ndiyo," kisha pumzi fupi, pfuu, kama ya mtu anayezima mshumaa.

Harufu ilikatika. Sindano zilitulia. Fundi alianza kucheka ovyo, na mtu mmoja akamkumbatia.

Kwenye kioo, Kurobei na Ito walivuka lango wameshikana mikono. Picha ya mwisho ilikaa peke yake: lango tupu, theluji ikianguka.

"Hiyo ya mwisho ni mpya?" Hatsue aliuliza.

"Mpya ya wapi? Nimeitoa ghalani," Tokunami alisema, anajifuta jasho. "Ile ile ya majira ya joto. Nani atachora lango upya siku moja, dada? Vipindi vya kujazia tunavipika na viporo, unajua mwenyewe."

Hatsue alisogea karibu. Kwenye nguzo ya lango, mchoraji alikotundika taa nyingine miezi mingi iliyopita, palikuwa na nukta ndogo ya njano, bado inawaka.

Simu yake ililia.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Chigusa, nyangavu, ya zamani. "Nina njaa! Dada kaninyang'anya tochi. Eti, lete nishike mimi, nenda kale. Nimekula wali wote na mchuzi."

Hatsue alikaa chini sakafuni akalia. Alicheka, akalia tena. "Mwambie dada yako asante," alisema. "Mwambie nakuja." Alipoinuka, Tokunami alikuwa amekwisha kuzima mtambo.

Kwenye stesheni ya Nerima kulikuwa na mzee aliyeuza mikate ya umbo la samaki yenye maharage matamu ndani.

"Mingapi, mama?"

"Mitatu," Hatsue alisema. Mzee akachukua mfuko. Hatsue alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. "Hapana. Miwili. Tuko wawili."

Chigusa alimpokea kwa kelele, mashavu mekundu. Ngazini palikuwa na blanketi limekunjuka, halina mtu. Tochi ilikuwa juu yake, inawaka. Hatsue aliizima, akapanga viatu vyake, akakuta jozi nyingine kando: viatu vya michezo, vya kijani, vilivyotoboka, vikubwa kwa Chigusa na vidogo kwake.

"Hivi vya nani?"

Chigusa alivitazama akatikisa kichwa. "Labda vya jirani."

Hatsue alivitoa nje ya mlango, akavipanga vizuri ili mwenyewe avione. Kisha akafunga. Waliweka bakuli mbili, wakashukuru, wakala. Usiku ule alilala usingizi mzito ambao hakuupata tangu vuli.

Jumatatu kazi iliendelea. Kitabu kilikuwa kimetangulia vya kutosha, na kipindi kipya kilikuwa cha karamu bandarini, watu tele, fataki angani. Tokunami alipitia picha moja moja, akasimama. Akagonga kioo kwa ukucha.

"Nani kachora huyu?"

Nyuma kabisa, karibu na mapipa, alisimama msichana. Hakuwa Ito. Huyu alikuwa mrefu zaidi, amevaa sketi ya shule, miguu mitupu kwenye theluji ambayo haikuwapo kwingine kokote kwenye picha. Mkononi alishika tochi. Mdomo wake ulikuwa wazi, kama anayeita mtu.

"Dada Hatsue, huyu ni wako?"

Hatsue alivaa miwani, akainama. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Simjui," alisema. "Futa."