Sola Iliyosuguliwa kwa Jivu

Bi Mwanapili wa kisiwa cha Fundo alisifika kwa usafi. Idi ikikaribia, hakuna chombo kilichosalimika kwake. Sufuria, masinia, hata mlango, vyote vilisuguliwa kwa jivu na kumbi la nazi.

Mwaka huu jicho lake likaangukia sola iliyo juu ya banda. Nyeusi! Akapanda, akapiga magoti juu yake, akasugua mpaka kioo kikang'aa. Mumewe, Mzee Vuai, akamsifu. Maskini, hawakujua.

Wiki haikuisha, friji yao iliyotumia umeme wa sola ile ikawa haipoi. Humo ndimo ilimokaa dawa ya sindano ya Mzee Vuai, mgonjwa wa sukari. Dawa ile ikipata joto huharibika. Basi ikawekwa kituo cha afya, na mzee akawa anaifuata asubuhi na jioni, mguu umemvimba. Bi Mwanapili akimwona anavyochechemea, roho ilimuuma.

Akamwita Nusaiba, fundi wa sola kutoka Wete.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie sola. Mie nimeisafisha vyema, lakini friji haipoi!"

Nusaiba akapima kwa mita. Kisha akapitisha kidole juu ya kioo.

"Bi, hapa umesugua na nini?"

Bi Mwanapili akainama. "Na jivu. Na kumbi. Tena nilipiga magoti juu yake."

"Usione haya. Hukuambiwa na mtu. Ndani ya sola mna silikoni, inayotokana na mchanga. Kiwandani hukatwa vipande vyembamba kuliko ukucha. Ukivielemea hupasuka, na nyufa huzioni. Umeme unapotea humo humo."

"Na ule weusi? Mie nilidhani uchafu!"

"Ndio ufundi wenyewe, Bi. Sola za zamani zilirudisha mwanga mwingi. Siku hizi kiwandani uso wa silikoni hukwaruzwa kwa dawa, kisha hupakwa utando mwembamba. Na kioo hiki kilipakwa pia, jivu limeutoa utando wake. Kinachong'aa hurudisha jua. Cheusi hulinywa."

"Itapona?"

"Haiponi. Hii itawasha taa tu."

Mzee Vuai akauza mbuzi, wala hakununa. Nusaiba akaleta sola mpya. Ukubwa uleule, nguvu zaidi, kwa kuwa mistari yake ya fedha inayokusanya umeme ni myembamba na haizibi jua. Akamwonesha Bi Mwanapili namna ya kuisafisha: maji safi na kitambaa laini, asubuhi mapema kabla haijapata moto. Kuikanyaga, marufuku.

Friji ikapoa. Dawa ikarudi nyumbani.

Bi Mwanapili akamshika Nusaiba mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Mungu akulipe kheri, mwanangu. Umenipumzishia mume wangu."

"Nakushukuru na weye, Bi, kwa kusema kweli. Wengine hunificha, nikahangaika kutwa."

Ndani, Mzee Vuai alikuwa ameshajichoma sindano yake, amekaa kitandani, mguu kaunyoosha.

"Mwanapili!" akaita. "Lete chai. Mie leo siendi popote!"