Neno Lililobaki

Haya yalimpata rafiki yangu Kokuberwa kwenye chumba alichopanga Pasiansi, miaka ile magazeti mapya yalipoanza kumiminika. Jioni ya mvua alijifungia peke yake, akitafuta maneno yaliyofichwa kwenye fumbo la siku hiyo, "Vitu vya Chumbani". Kitanda, taa na pazia alishavizungushia penseli. Likabaki neno MLANGO.

"Hodi."

"Karibu," akaitikia bila kuinua kichwa, kama tulivyozoea.

Mlango haukufunguka. Umeme ukakatika, kisha kitanda kikalia kama kimekaliwa. Kokuberwa akapapasa hadi mlangoni, akalivuta komeo kwa mikono miwili, likagoma. Nyuma yake, pale mezani, penseli ikaanza kukwaruza gazeti taratibu, ikizunguka.