Magoti Mbele ya Picha

Sogeeni, wanangu na wajukuu zangu. Na wewe unayesoma huku umesimama mlangoni, keti. Nina habari ya nyumba ya jirani yangu, na sitaipaka rangi.

Nyumba ile ilikuwa tulivu. Asubuhi ungemkuta mzee wa nyumba, fundi redio, ameinamia meza yake barazani, miwani imefungwa kwa uzi, redio mbili tatu zikibishana kwa sauti ya chini. Mkewe alikuwa mkunga. Mtaa mzima tulimwita Mikono, maana mikono yake ndiyo iliyotangulia kuwagusa watoto wetu. Alikuwa na tabia moja ambayo hatukuizoea mpaka mwisho. Mtoto akishalia, mama akishafunikwa vizuri, yeye hunawa, hukunja aproni yake, akaondoka kwa mlango wa jikoni. Ukitoka ukumbini na shukrani zako mdomoni, unakuta beseni tu, limeinamishwa likauke. Ukimkamata njiani atakwambia, "Mshukuru mzazi. Ndiye aliyefanya kazi."

Mikono akafa. Tulilia, tukazika, kisha tukasema huyu jiwe la kaburi halimtoshi. Tukachanga, kila mtu alichokuwa nacho, mimi nikatoa fedha ya mayai yangu. Ukawa Mfuko wa Mikono, wa kumsomesha mtoto wa mtaani kwetu asiye na uwezo, ajifunze ukunga. Fedha tukampa mwana wa marehemu azitunze, kwa kuwa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na sefu ya chuma. Huyo tulimwita Misumari. Tuliikagua sefu nje na ndani, tukasahau kumkagua mtu.

Misumari hakuiba hata senti, nisimsingizie. Ugonjwa wake ulikuwa masimango. Msichana wa kwanza, binti wa seremala, alilipiwa karo sawasawa. Lakini kila likizo alifagia duka, na kila mteja akiingia, aliitwa: "Njoo usalimie. Mnamwona huyu? Namsomesha mimi!" Hata gauni alilonunuliwa na shangazi yake aliulizwa kalipata wapi. Mwaka wa pili akaacha chuo. Akawa anasukuma mkokoteni wa maji, mabega yamemvimba. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Bibi, maji ni mazito, lakini hayasimangi."

Akafuata binti wa dobi, msichana mwembamba tuliyemwita Kijiti. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu, ikafika siku ya kumkumbuka Mikono. Misumari akafunga turubai, akakodi spika, akasimamisha picha ya mama yake, kubwa kama mlango. Soda zikagawiwa. Kisha akamwita Kijiti mbele.

"Haya, piga magoti mbele ya mama, uwaambie watu: bila nyumba hii mimi ni takataka."

Kijiti aliitazama picha. "Shikamoo, Bibi," akaiambia. Ndipo akageuka. "Mjomba, kushukuru nitashukuru mpaka nizeeke. Magoti sipigi. Na takataka si mimi."

"Karo yako imo kwenye sefu yangu, unajua?"

"Najua."

"Na ufunguo ninao mimi."

"Basi kaa nao, Mjomba."

Mama yake, yule dobi, akaruka kutoka kitini. "Mwanangu, piga tu! Vumbi la gauni nitalifua mimi, kazi yangu si ndiyo hiyo?"

"Hili halifuliki, mama. Nikipiga mimi leo, mwakani atapigishwa mwingine."

Msomaji, usiharakishe kusema msichana ana kiburi. Mama yake vidole vilikuwa vimechubuka kwa sabuni za watu, na karo ile ikikosekana hapakuwa na nyingine. Kijiti alijua hayo yote. Lakini hakuinama.

Misumari akacheka ndani ya spika. "Mnaona? Ndio hawa mnaotaka tuwasaidie! Mdomo mrefu, mfuko mtupu!"

Nikainuka mimi. "Wewe mtoto! Magoti yangu yananigomea hata kwenye sala, leo unataka tuyapige mbele ya picha? Mama yako amenizalisha watoto wangu wote, na hakunisubiri hata siku moja nimwambie asante. Wewe unayeidai hiyo asante, umemzalisha nani?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha kikakatika, kwa sababu fundi redio alikuwa amesimama. Mzee yule si msemaji. Alikwenda kwenye spika akachomoa waya, fundi ni fundi, halafu akasema kwa sauti yake ndogo:

"Mama yako alipita mlango wa nyuma maisha yake yote. Leo umemweka mlango wa mbele aombe sifa. Lete ufunguo."

"Baba, mbele za watu?"

"Mtoto wa mwenzio ulimwitia wapi? Lete."

Hatukusimama wote nyuma ya mzee, nisiwadanganye. Wengine waliona soda zao bado zimejaa. Lakini tuliosimama tulitosha. Misumari akautupa ufunguo mezani. "Chukueni! Na dukani kwangu msije!"

"Hatuji!" akajibu binti wa seremala kutoka nyuma kabisa, mkono juu ya mkokoteni wake.

Na kweli, tulipokwisha kutoa fedha za Mfuko kwenye sefu, hatukwenda tena. Siku ileile mzee alihamishia meza yake barazani kwangu, na redio zake, na kelele zake. Nyumba ile ikapoa. Duka lilibaki na mabati yanayoshika kutu, na picha kubwa inayotazama viti vitupu.

Mfuko sasa tunautunza watu kadhaa kwa pamoja, na sharti ni moja: anayesomeshwa haombwi kumshukuru mtu. Anasimuliwa tu Mikono alikuwa nani na alifanyaje kazi. Binti wa seremala amerudi chuoni.

Kijiti naye amefuzu. Juzi asubuhi alikuja kumzalisha mjukuu wangu. Mtoto akalia. Nikakimbia kwa magoti haya haya, nikatoka na kikombe cha chai na asante yangu. Nikaukuta mlango wa jikoni uko wazi, na beseni limeinamishwa likauke.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Ukitaka kumkumbuka marehemu kwa kumsomesha mtoto, msomeshe, kisha funga mdomo. Masimango yanamnyang'anya maiti heshima yake, na mtoto uso wake. Wazazi, msikubali karo inayolipwa kwa magoti ya watoto wenu. Na wewe mwanafunzi, shukrani yako ni kazi utakayoifanya. Akikwambia mtu upige magoti, simama wima. Sisi bibi zako tutasimama nyuma yako, hata kama tutachelewa kidogo kuinuka kwenye kiti.