Mkanda Usiofika

Mzee alikutwa amekufa kando ya kitanda chake, mdomo umepinda upande, na wanawe watatu wa kiume walikuwa wameshampata muuaji. Inspekta hajamaliza hata kusalimia, walimwambia kwamba dada yao, kitinda mimba, amempa baba sumu.

Inspekta alikuwa mtu wa hasira za karibu. Aliwatoa wote chumbani.

Daktari wa polisi alisema hizo ni dalili za kiharusi, si sumu. Hapo ndipo mambo yalipogoma. Binti alikuwa akimpima baba yake presha kila siku na kumtumia daktari wa kliniki majibu kwa simu. Daktari huyo, alipopigiwa, alisema majibu yalikuwa mazuri mno, hata akampunguzia mzee dawa.

Kipimo cha presha kilikuwa mezani. Inspekta aliuchukua mkanda wake akauzungusha kwenye mkono wa marehemu. Mzee alikuwa dereva wa malori, mkono kama paja. Akavuta, wapi! Ncha hazikukutana.

Akamwita binti, akafunga mlango.

"Mkanda huu ulikuwa unamfunga nani?"

Binti aliinamisha kichwa. "Najifunga mwenyewe."

"Wa mzee uko wapi?"

"Kabatini. Ulikuwa unaonyesha presha iko juu kila siku."

"Kwa hiyo ukatuma yako. Kwa nini?"

"Daktari alisema ikitulia, si lazima nikae naye mimi. Kazi nimepata mara mbili, afande, nikaziacha. Kaka zangu wanasema huna mume wewe, kaa na baba. Nilichoka. Nilitaka aambiwe amepona, niondoke."

"Dawa zilipopunguzwa?"

"Niliogopa kusema."

"Ukampa hizo pungufu, na unajua."

"Nikampa."

Inspekta alimkasirikia mpaka pingu zikamsumbua kufunga. Mzee wa watu alikuwa akimeza alichopewa, akimwamini mwanawe.

Sebuleni kaka mkubwa alisimama. "Si tulisema? Akaozee jela."

Inspekta alimuuliza dawa ya baba yake ilikuwa inaitwaje. Hakujua. Akawauliza wadogo zake ni nani aliyewahi kumpima mzee, hata siku moja. Hakuna aliyewahi.

"Huyu nina kifungu cha kumshtakia," alisema. "Nyinyi sheria haijanipa."

Akampitisha binti katikati yao, na hakuna kaka aliyemtazama usoni.